CD ya Cyberpunk 2077 ya PS4: mwenye PS5 achukue, mwenye PS4 apite

Kava la njano la gemu ya Cyberpunk 2077 ya PS4 ukilikuta kwenye kabati la CD za mtumba, iwe Mwanjelwa au Iringa mjini, bei huwa inavutia na jina la CD Projekt Red linamalizia kazi. Ni studio ya Warsaw, Poland, iliyotoa The Witcher 3 mwaka 2015, gemu ambayo hadi leo inachezeka vizuri kwenye PS4 ya kawaida. Lakini kabla ya kuulizana bei na muuzaji, angalia una mashine gani nyumbani.

Kama ni PS4, iache.

Gemu hii ilitangazwa mwaka 2012, kabla PS4 yenyewe haijaingia sokoni. Tarehe ya kutoka ikasogezwa mara tatu ndani ya 2020: Aprili ikawa Septemba, Septemba ikawa Novemba, mwishowe 10 Desemba. Studio iliujenga mji wa Night City ukiwa na sura ya kupendeza kwenye kompyuta zenye nguvu, halafu ikaanza kuubana uingie kwenye mashine za 2013 kama PS4. Humo ndani ukikimbiza gari, majengo, watu na barabara vinasomwa papo hapo kwenye hadi diski, yaani diski ya kuhifadhia iliyo ndani ya mashine, na hadi diski ya PS4 ni ile ya mizunguko 5400 kwa dakika. RAM nayo ni GB 8, prosesa na picha vinagawana hizo hizo. Diski ikizidiwa, kuta zinatokea zikiwa na ukungu kisha zinajisafisha taratibu, barabara zinakuwa tupu, watu wanachomoza mbele ya bampa. Toleo la kwanza lilikuwa likishuka chini ya fremu (picha) 20 kwa sekunde, na mara kwa mara likikutupa nje na ujumbe wa hitilafu wa CE-34878-0. Feni inanguruma hata kwenye baridi ya Uyole ya mwezi wa saba.

Ufundi kushindwa tungeusamehe. Kilichoiharibia studio jina ni kuficha. Waandishi wa tathmini walipewa toleo la kompyuta tu kabla ya siku ya kutoka, na Novemba 2020 wakuu wake walikuwa wakiwaambia wawekezaji kwamba kwenye mashine za zamani mambo ni mazuri kwa namna ya kushangaza. Wiki moja baada ya gemu kutoka, Sony ikaiondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuwarudishia watu pesa. Iliporudi 21 Juni 2021, Sony yenyewe ilionya kwamba toleo la PS4 bado lina matatizo na ikashauri PS4 Pro au PS5.

Marekebisho makubwa ya mwisho kwa PS4 ni 1.6 ya Septemba 2022. Toleo 2.0, lililobadilisha polisi na mfumo mzima wa ujuzi wa mhusika, halikuja kwenye PS4. Phantom Liberty, nyongeza ya kulipia ya Septemba 2023, nayo haikuja.

Kama umeshanunua na PS4 ndiyo uliyo nayo, hakikisha kasha lina CD mbili. Inaanza iliyoandikwa Data, kisha Play, na Play ndiyo inayobaki kwenye mashine wakati wa kucheza. CD peke yake inakupa gemu ya mwanzo, ile mbovu kabisa, kwa hiyo bila apdeti usijisumbue. Apdeti ni makumi ya GB. Bando la simu la kawaida halitoshi, tafuta Wi-Fi ya uhakika. Acha nafasi tupu kubwa, tuseme GB 150, maana PS4 hunakili gemu upya inapoweka apdeti na nafasi ikipungua inagoma. Kubadilisha hadi diski kwa SSD ya SATA ya inchi 2.5 kunapunguza ukungu wa kuta, ila fremu hazipandi sana. Kwenye mipangilio ya picha zima Film Grain, Chromatic Aberration na Motion Blur. Picha inatakata bure.

Kwa mwenye PS5 yenye sehemu ya CD, kasha hilo hilo la mtumba ni dili. Weka Play, nenda kwenye ukurasa wa gemu, chagua toleo la PS5, pakua. Hulipi chochote, na unapata 2.0 na kuendelea: fremu 60 kwenye hali ya Performance, au mwanga wa kifahari (ray tracing) kwa fremu 30. Hii ndiyo gemu waliyoahidi, imechelewa karibu miaka mitatu. Kitu cha kuchunga ni eneo la CD. Wengi huku wanatumia akaunti ya Uingereza au Marekani. CD ya Ulaya kwenye akaunti ya Marekani itacheza, lakini Phantom Liberty utakayoilipia kwenye akaunti hiyo haitaitambua CD hiyo.

Wenye mabanda ya gemu, hapa hamna hela. Mchezaji ni mmoja, hadithi ni ndefu, na hakuna mteja wa nusu saa atakayemaliza hata utangulizi. Bakini na mpira.

Na muuzaji akikwambia atakuwekea kwenye PS4 iliyochipiwa (iliyofunguliwa icheze gemu za kunakili), muulize ni toleo namba ngapi. Chini ya 1.6, hata kwa bei ya soda, usikubali.