Nilikwenda Limoges kuona kikapu, nikafundishwa kupenda 59 kwa 55

Kwanza niungame: mimi ni mtu wa pointi. Nimekulia kwenye sakafu ya saruji ya viwanja vya Don Bosco, Upanga, Dar es Salaam, ambako asiyefunga haitwi mchezaji, anaitwa mzigo. Kukaba kuliachiwa wafupi na waliochelewa kufika. Kwa hiyo binamu yangu anayeishi Paris aliponiambia kwamba nikitaka kuonja kikapu cha Kifaransa nisihangaike na timu za pale jijini, nipande treni mpaka Limoges, niliitafuta kwanza hiyo Limoges mtandaoni. Nikaangukia fainali ya Klabu Bingwa Ulaya ya mwaka 1993, ambayo timu ya mji huo ilishinda. Ilikwisha 59 kwa 55. Pointi hizo sisi Upanga tunazifikisha robo ya tatu, tena mvua ikinyesha.

Nilikwenda hivyo hivyo.

Treni zinatoka stesheni ya Austerlitz na safari ni ya saa tatu na kitu, maana zile za kasi hazifiki huko. Yangu ilichelewa, basi ukienda siku ya mechi panda ya mapema. Lakini stesheni utakayoshukia itakulipa fidia. Inaitwa Bénédictins, ina kuba na mnara mrefu wenye saa, na jengo zima limekaa juu ya reli, kiasi kwamba abiria unapanda ngazi kutoka chini kama unayeibuka kisimani. Ilizinduliwa mwaka 1929. Baadaye niligundua kuwa klabu nayo ni ya mwaka huo huo. Mji wenyewe unajulikana duniani kwa vyombo vya kauri, vile vyeupe ambavyo mama huvitoa kabatini akija mgeni wa heshima tu. Ni mji wa kadiri, mtulivu, na usingeutegemea kuwa na kombe la Ulaya.

Sehemu pekee niliyojuta ni tiketi. Kwa haraka zangu nilinunua kwa mtu wa kati mtandaoni, nikalipa karibu mara mbili ya bei niliyoikuta imeandikwa mlangoni. Nunua kwa klabu yenyewe.

Mechi zinachezwa ukumbi wa Beaublanc, unaobeba watu elfu tano na ushei. Ni mdogo ukilinganisha na sifa za timu, na hilo ndilo linaloupa nguvu, kwa sababu kelele hazina pa kutorokea. Kila kitu ni kijani: skafu, jezi, bendera, hadi miwani ya mtoto aliyekaa mbele yangu. Ngoma zilianza kabla wachezaji hawajapasha misuli na hazikunyamaza.

Robo ya pili ndipo nilipoelewa niko wapi. Mlinzi wa timu ngeni alibanwa na watu wawili pembeni, akazunguka, akarudi nyuma, sekunde 8 zikaisha hajavuka nusu ya uwanja, na kwa sheria mpira ukawa wa Limoges. Hapakuwa na kikapu kilichofungwa wala danki, ule mpira wa kusukumizwa kikapuni kwa mkono. Ukumbi mzima ukainuka na kupiga mayowe kama kombe limeshachukuliwa. Mimi nilibaki nimekaa, natafuta kwenye ubao ni nani amefunga. Mzee wa kando yangu, mwenye skafu iliyofifia mpaka kijani chake kimekuwa cha majani makavu, alinitazama kwa huruma. Akaniambia, kwa Kifaransa cha polepole ili nimfuate, kwamba hapa watu hushangilia mpira unaponyang'anywa. Kufunga ni kazi ya kila timu.

Tangu hapo sikutazama mechi peke yangu. Huyo mzee alikuwa daftari linalotembea, na mengi aliyonisimulia niliyahakiki usiku ule hotelini.

Jina refu la klabu ni Limoges Cercle Saint-Pierre, ndiyo maana watu husema CSP. Ilianza kama chama cha vijana wa kanisa. Nilipomweleza kuwa na sisi kule Upanga kikapu chetu kimelelewa na mapadri wa Don Bosco, na timu yetu ya Savio imebeba jina la mtakatifu, alicheka sana. Akaniuliza kama mapadri wetu nao walikuwa wakali kwenye kukaba. Nikakwepa swali.

Utukufu wenyewe ulianza miaka ya 80. Mwaka 1982 walitwaa Kombe la Korać, mashindano mengine ya klabu za Ulaya, kwa kuifunga Šibenka ya Yugoslavia, na mwaka 1983 wakakutana na Šibenka hiyo hiyo fainali wakaifunga tena. Ndani ya Šibenka alikuwamo kijana aliyeitwa Dražen Petrović, aliyekuja kuwa mmoja wa wafungaji wakubwa wa Ulaya. Wanaomfuatilia Petrović wanajua uzito wa kumnyima kombe mara mbili mfululizo, hata kama alikuwa bado na ndevu za kuhesabu. Mwaka 1983 huo huo ukaja ubingwa wa kwanza wa Ufaransa, ukafuatwa na wa 1984 na 1985. Mwaka 1988 wakaongeza Kombe la Washindi la Ulaya. Nguzo ya miaka hiyo ilikuwa Richard Dacoury, mzaliwa wa Abidjan. Mzee alilitamka jina lake taratibu, kama mtu anayemtaja shemeji yake aliyefanikiwa.

Halafu 1993. Hapa mzee aliacha kabisa kutazama uwanjani.

Kocha alikuwa Božidar Maljković, mtu aliyekwisha kutwaa ubingwa wa Ulaya mara mbili, 1989 na 1990, akiwa na Split. Nyota wake wa Split alikuwa Toni Kukoč. Sasa shika hilo. Maljković alipofika Limoges alipima kikosi chake, akaona kwamba kukimbizana na matajiri wa Ulaya ni kujiua. Akaamua kuusimamisha mchezo. Wakati ule timu ilikuwa na sekunde 30 za kushambulia, si 24 za leo, na Limoges walizitumia zote, kila mara, bila aibu. Michael Young, Mmarekani aliyetokea chuo cha Houston, alikuwa wa kufunga. Jure Zdovc, Mslovenia, alikabidhiwa kazi ya kumkera nyota wa adui. Jim Bilba kutoka Guadeloupe aliruka kwa ajili ya wote. Robo fainali waliitoa Olympiacos, na mzee alinionyesha kwa kidole pale pale Beaublanc, kwenye goli la kushoto kwetu, alikodai Jimmy Vérove alirusha mtupo ulioamua mechi ya tatu. Sikuwa na namna ya kubisha.

Nusu fainali, Athens, waliifunga Real Madrid ya jitu Arvydas Sabonis 62 kwa 52. Fainali ilikuwa tarehe 15 Aprili dhidi ya Benetton Treviso. Na nani nyota wa Treviso? Kukoč. Mwalimu alikuwa anamkaba mwanafunzi ambaye mwenyewe amemfundisha. Sekunde za mwisho, mlinzi mwenye miaka 23, Frédéric Forte, alimpora Kukoč mpira mikononi, na Limoges wakawa mabingwa wa Ulaya. Kichekesho ni kwamba tuzo ya mchezaji bora wa hatua ile ya mwisho alipewa Kukoč, aliyeshindwa.

Wenyeji hawatakuacha uondoke bila kukukumbusha kwamba Olympique de Marseille ilichukua Kombe la Mabingwa la soka tarehe 26 Mei mwaka huo huo, yaani wiki sita baadaye. Kwa hiyo Ufaransa ilipopata klabu yake ya kwanza ya kubeba kombe kubwa la Ulaya katika michezo hii ya timu, ilikuwa ya kikapu, ikitoka mji wa sahani. Ukitaka kununua ugomvi Limoges, anza sentensi yako na Marseille.

Wengi waliichukia fainali ile. Walisema Limoges wameua mchezo. Nami niliyeitazama mara ya kwanza nikiwa na uji mkononi nilikuwa upande wao. Nilimwambia mzee kwamba, kwa heshima zote, ile mechi ilikuwa mbaya. Hakukasirika. Alisema ndiyo, ilikuwa mbaya sana, na yeye ameitazama zaidi ya mara arobaini.

Kuna kitu kimoja matangazo ya klabu kubwa hukiruka, nacho ndicho kilichonifanya niipe safari hii nyota tano badala ya nne. Mwaka 2000, chini ya kocha Duško Ivanović, Limoges walikusanya makombe matatu kwa msimu mmoja: ligi, Kombe la Ufaransa na Kombe la Korać, hili la mwisho kwa kuitoa Málaga. Sherehe hazijapoa, wakashushwa daraja kwa sababu ya fedha. Mwaka 2004 mambo yakaharibika kabisa, klabu ikafilisika na kujikuta daraja la tatu. Bingwa wa Ulaya, kwenye kumbi za vijijini.

Aliyeshika usukani wa klabu kama rais baada ya hapo ni Forte. Yule yule wa kumpora Kukoč. Wakapanda daraja moja, wakapanda jingine mwaka 2010, wakashuka mara moja, wakarudi tena 2012. Mwaka 2014 wakawa mabingwa wa Ufaransa, na 2015 wakarudia, mara zote mbili Strasbourg akiwa ndiye anayelia. Ikafika mataji 11 ya ligi. Forte alifariki tarehe 31 Desemba 2017 akiwa na miaka 47. Mzee alipofika hapo alinyamaza, akaanza kukunja skafu yake ambayo haikuwa na haja ya kukunjwa. Robo ya tatu ilikuwa imeshaanza na hatukuwa tumeona.

Kwa wanaotaka kwenda: jifunze maneno machache ya Kifaransa, maana raha nusu iko kwa jirani yako wa kiti. Usikae nyuma ya wapiga ngoma kama una kichwa chepesi. Na usiende ukitegemea mpira wa mbio na madanki ya kila dakika. Mechi niliyoona ilikuwa nzito, ya kusukumana, na kuna dakika nne nzima ambazo hakuna aliyefunga chochote isipokuwa mitupo huru.

Katika dakika hizo nne, mlinzi wa Limoges alijirusha chini kugombea mpira uliokwisha kutoka nje. Nilikuwa nimesimama kabla ya mzee.