Pikapu au vani? Nilivyozipanga kwa mtu wa Mombasa mwenye kazi na watoto

Kama una pesa ya gari moja tu, na hiyo gari asubuhi ipeleke watoto shule, mchana ibebe mzigo, Jumapili ibebe nyumba nzima mpaka Mtwapa au Diani, basi mie nakwambia mapema kabla hujaenda yadi yoyote: chukua vani. Pikapu ni gari nzuri na ziko kazi ambazo bila pikapu huzifanyi, ntazitaja huko chini, lakini watu wengi hapa mjini wananunua dabo-kebu, yaani pikapu yenye milango minne na safu mbili za viti, kwa sababu inapendeza barabarani halafu kila siku wanahangaika na turubai na kamba.

Kabla ya kuangalia jina la gari angalia mzigo wako. Je ni mzigo mchafu, mrefu au wenye maji, kama mchanga, nondo, mbao, mbuzi, makreti ya samaki? Ama ni mzigo usiotaka kuona mvua wala mkono wa mtu, kama unga, sukari, nguo, AC mpya ndani ya boksi, vyombo vya keteringi? Wa kwanza ni wa pikapu, wa pili ni wa vani, na ukiangalia biashara nyingi za huku kwetu, duka la rejareja, keteringi, fundi wa friji, muuza nguo, zote ziko upande wa pili.

Halafu kuna mvua. Masika yetu yakishika ni mwezi wa nne mpaka wa sita, Mei ndio kabisa, na pikapu wazi siku hizo unafunga turubai, unafungua, unafunga tena, na pale kwenye foleni ya feri Likoni au jamu ya Buxton mzigo uko nje kila mtu anauona na anaeza kuufikia. Utaniambia basi nieke kanopi, kile kifuniko kigumu cha juu ya bodi. Sawa, lakini kanopi ni pesa juu ya pesa, na bodi ya dabo-kebu ina urefu wa mita moja na nusu hivi tu, kwa hivo ukishaifunika umepata vani fupi ambayo umeinunua kwa bei ya pikapu.

Na watu je? Dabo-kebu ni watu watano, basi. Familia zetu unazijua, kuna nyanya, kuna mtoto wa dada amekuja kusoma, kuna jirani anaomba lifti mpaka Kongowea, na kueka watu nyuma kwenye bodi ni kosa, trafiki akikukuta umeumia, lakini hata trafiki asingekuwepo mie nsingemueka mtoto pale hata kwa safari ya kutoka Bamburi mpaka Kisauni. Breki moja tu ya ghafla na hakuna cha kumzuia.

Sasa orodha yangu, kuanzia ninayoipenda zaidi.

Ya kwanza ni Toyota Hiace. Najua watu wataona ni matatu, lakini ile yenye mlango wa kusukuma na viti vyake vya kiwandani ndio gari inayofanya kazi zote mbili bila kulalamika. Ile ya kawaida, sio ile pana, haifiki hata mita 1.7 kwa upana, na inakata kona kwa nusu kipenyo cha mita 5 hivi wakati dabo-kebu nyingi zinapita mita 6, tofauti utaiona ukiingia vichochoro vya Kibokoni au ukigeuza nyuma ya Markiti saa ya watu. Inabeba tani moja. Tafuta toleo la Super GL kama familia ndio muhimu, manake ile DX ni ya mizigo tupu, benchi lake la nyuma ni jembamba na mtoto akikaa mpaka Malindi atashuka analia mgongo. Hiace Wagon ya watu 10 ni nzuri zaidi kwa familia kubwa, lakini viti vinakula nafasi ya mzigo.

Ubaya wake upo na usiufiche. Injini iko chini ya viti vya mbele, kwa joto la hapa kwetu dereva analisikia, na mbele yako hakuna boneti ya kukulinda ukigonga, miguu iko karibu sana na bampa, kwa hivo ni gari ya kuendesha kwa adabu. Jengine ni viti vya kuchomelewa. Vani nyingi zinakuja tupu kutoka Japan halafu mtu anaenda kuchomelewa viti mtaani, na hapo ndipo mie nasema usinunue. Inama uangalie kiti kimefungwa kwenye nini. Kama ni bati la sakafu tu na bolti mbili, na mkanda hakuna au umefungwa kwenye kiti chenyewe kilicholegea, ondoka hapo, hata bei iwe ya kuokota. Watoto wako ndio watakaokaa juu yake.

Kwa injini, dizeli ina nguvu na inakula kidogo kwa safari ndefu, ila hizi dizeli za kisasa zina chujio la moshi kwenye egzosi linalotaka gari ikimbie ndio lijisafishe, na mtu ambaye safari yake ni Tudor mpaka Mwembe Tayari na kurudi, simama twende simama twende, lile chujio litaziba na kulibadilisha ni ghali. Huyo achukue petroli. Mwenye kwenda Voi au Lunga Lunga kila wiki achukue dizeli.

Ya pili ni vani ndogo, Nissan NV200 (wengi wanaiita Vanette) na Toyota Townace. Hizi ni za 1500 na 1600 cc, mafuta kidogo, paki popote, spea zimejaa mjini. Kati ya mbili hizi mie nachukua NV200 kwa familia kwa sababu injini iko mbele, kwa hivo chini ya kiti hakuna joto na una boneti mbele yako, na sakafu yake iko chini, mama mwenye sufuria ya pilau anaiingiza bila kuita vijana wanne. Townace yenyewe inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, ndio bora ikijazwa mzigo. Hilo sio jambo dogo hapa kwetu: maji ya bahari yakitoka, ile njia ya kupandia feri inakuwa mlima, na gari inayovutwa na magurudumu ya mbele ikiwa imejazwa nyuma, siku ya mvua, mbele inakuwa nyepesi na tairi zinazunguka bure. Na NV200 iliyolemewa inaeza kukwangua tumbo palepale. Kama uko Likoni na kila siku una kilo mia tano ndani, hesabu hilo, ama uzowee kuzunguka na barabara ya Dongo Kundu kupitia Miritini.

Ya tatu ndio dabo-kebu, Hilux au Isuzu D-Max. Nimeieka ya tatu wala siidharau. Kama una shamba Kwale ndani au Kilifi kule Ganze, kama wewe ni kontrakta na kila siku uko kwenye saiti ambayo barabara yake ni matope, hii iruke juu ya orodha iwe ya kwanza, usinisikilize mie. Chesisi yake, yaani fremu ya chuma ya chini, ni ngumu, imeinuka, na mafundi wa Isuzu na Toyota wako kila kona kuanzia Changamwe mpaka Ukunda. Inashikilia bei pia, ukiuza baada ya miaka unapata pesa ya maana. Ila jua kwamba springi za nyuma zimetengenezwa kwa mzigo, gari ikiwa tupu inarusha, na wanaokaa kiti cha nyuma ndio wanaorushwa. Na bei yake ya kuanzia ni kubwa kuliko zote hapa, kwa pesa ya dabo-kebu safi unapata vani na mtaji wa kuanzia kazi.

Toyota Noah na Voxy nazipa nafasi ya nne. Hizi ni za familia haswa, zinatulia, zina AC mpaka nyuma, watu saba au nane bila kubanana, na kama kazi yako ni mzigo mwepesi, keki, maua, nguo, vifaa vya kupiga picha za harusi, ni bora hata kuliko Hiace. Usizibebeshe simiti. Springi za nyuma zinakaa chini na plastiki za ndani zinaharibika haraka, halafu ukitaka kuuza mtu anaona.

Singo-kebu, pikapu yenye safu moja tu ya viti, ni ya kazi. Bodi yake inafika mita mbili na zaidi, tani moja inabeba, duka la hadwea na muuza mboga jumla hawana gari bora, lakini kama una watoto wawili na mke basi gari ya pili itabidi, na hapo hesabu ya gari moja imekwisha. Vile vivani na vipikapu vidogo vya Suzuki vya 660 cc ni vya kusambaza mikate na maji mtaani, kilo 350 ndio mwisho wake, mie simpeleki mtu na familia barabara kuu ya Nairobi na hivyo kati ya malori ya kontena. Na mtu mwenye mzigo mdogo kabisa aangalie Toyota Probox tu, ahifadhi pesa zake.

Sasa kutu, na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu ndio inayoua gari Mombasa kabla ya injini. Upepo wa bahari una chumvi, na visima vingi vya huku maji yake ni ya chumvi chumvi, kwa hivo gari inaoshwa kila siku inang'aa juu na chini inaliwa. Juu ya hapo kuna gari zinazotoka sehemu za Japan zenye theluji, kule barabara zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi, gari inafika Kilindini tayari imeshaanza. Kwa hivo usinunue kwa macho ya juu. Lala chini na tochi. Kwa pikapu angalia chesisi yote, haswa pale springi zinaposhikiliwa na pale bodi inapokaa juu ya chesisi, gonga kidogo na spana, ikitoa sauti nzito iliyokufa au rangi ikibanduka kama ganda basi ina kasoro. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini gari nzima kabla ya kuuzwa nayo iulize maswali. Kwa vani inua zulia la sakafu, angalia reli ya mlango wa kusukuma, angalia ndani ya matao ya tairi za nyuma, na nusa. Vani iliyobeba samaki harufu haitoki na maji ya samaki yameshafanya kazi yake chini ya sakafu. Ukishanunua, osha chini kwa maji ya mfereji yasiyo na chumvi ukipata, na upake andakoti, ile rangi ya kuzuia kutu chini ya gari, mapema.

Makaratasi ntapita haraka. Kenya gari ya mtumba ukiagiza lazima usukani uwe kulia na isizidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza, yaani kwa mwaka 2025 ilikuwa ni gari za 2018 kwenda mbele. Gari ya biashara inakaguliwa kila mwaka na ina kodi yake ya kulipwa mapema kwa KRA, watu wa kodi, kulingana na tani, iulizie kabla hujapiga hesabu ya faida. Bima ndio watu wanapoumia: ukikata bima ya gari ya nyumbani halafu ukabeba mzigo wa biashara, siku ya ajali kampuni ina haki ya kukataa kulipa. Iko bima ya mzigo wako mwenyewe na iko ya kubebea watu mizigo kwa malipo, ni vitu viwili tofauti, mwambie wakala ukweli wa kazi yako. Na logbuku, hati ya umiliki wa gari, itafute kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri, uone jina ni la nani na kama kuna benki inaidai, kabla hujatoa hata deposit.

Siku ya kwenda kuijaribu, usiende peke yako. Mchukue mama watoto na watoto wenyewe, wakae nyuma, AC iwashwe saa saba mchana, na kama muuzaji atakubali pakia magunia mawili matatu upande nayo daraja la Nyali. Ukibaki na mbili zinazokupendeza sawa, moja ina kilomita chache na kutu chini, nyengine ina kilomita nyingi na chini pasafi, mie ningetoa pesa yangu kwa hiyo ya pili, injini inafunguliwa hapa Mombasa wiki moja ikarudi sawa lakini chesisi iliyooza hakuna fundi atakayekurudishia.