Kuweka picha kwenye slaidi: PowerPoint dhidi ya Google Slides

Kwa kazi ya picha, PowerPoint ya kwenye kompyuta bado inaongoza, kwa sababu inakuachia uamue kila picha ibaki na uzito gani ndani ya faili. Google Slides haina kifaa cha kubana picha, hivyo inabidi uipunguze kwingine kabla ya kuipakia.

Kuingiza picha kwenyewe si kazi. PowerPoint ni Insert, Pictures, This Device. Slides ni Insert, Image, Upload from computer. Slides hupokea JPG, PNG na GIF zisizozidi MB 50, lakini SVG (picha iliyochorwa kwa mistari badala ya pikseli) inaikataa. Matoleo mapya ya PowerPoint huipokea, na nembo ya SVG hubaki kali hata ukiikuza ijaze slaidi nzima.

Faili kuwa zito ndiyo kero kubwa. Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000 huwa na MB kadhaa. Ziweke ishirini na faili halitumiki kwa barua pepe. Bofya picha moja, nenda Picture Format, kisha Compress Pictures. Ondoa tiki kwenye Apply only to this picture ili zote zibanwe kwa mkupuo, halafu chagua ppi 150 (pikseli 150 kwa kila inchi). Hesabu yake ni hii: slaidi ya 16:9 ina upana wa inchi 13.33, kwa hiyo picha iliyoijaza itabaki na pikseli kama 2000, na projekta ya Full HD huonyesha 1920 tu. Ukishuka hadi 96 unabaki na 1280, na picha kubwa inaanza kufifia. Tunza nakala ya faili kwanza, maana pikseli zilizotupwa hazirudi.

Kukata kingo kunahitaji uangalifu zaidi. Ukitumia Crop kuficha namba ya kitambulisho, namba hiyo imefunikwa tu. Yeyote utakayemtumia faili akibofya Crop anaiona. Kwenye PowerPoint, dirisha lile lile la kubana lina tiki ya Delete cropped areas of pictures: iweke kabla ya kutuma. Kwenye Slides, mwenye ruhusa ya kuhariri akibofya Reset image anairudisha picha nzima, kwa hiyo kata picha kwenye simu au kompyuta kabla ya kuipakia. Hili ni doa kubwa kwa programu zote mbili, kwani hakuna inayokuonya unapokata.

PowerPoint ina mtego mwingine: mshale ulio kando ya kitufe cha Insert unapochagua picha. Link to File haiingizi picha, inakumbuka tu ilipo. Fungua faili kwenye kompyuta nyingine, unakuta alama nyekundu ya X. Bofya Insert ya kawaida.

Picha ikivutwa kwa kishikio cha ubavuni, nyuso hutanuka. Vuta kwa kona. Ikishaharibika, Reset Picture & Size itairudisha ilivyokuwa.

Slides inafaa pale watu watatu au wanne wanapojaza picha kwenye slaidi zile zile kwa wakati mmoja, na hapo inafanya kazi vizuri sana. Kwa faili litakalobebwa kwenye flashi hadi ukumbi usio na intaneti, tumia PowerPoint.