Mtaala wa ACE: shule inayosimama juu ya kijitabu na kalamu nyekundu

Shule nyingi ndogo za Kikristo huanza hivi: kanisa lina ukumbi unaokaa bure Jumatatu hadi Ijumaa, wazazi kumi au ishirini wanataka watoto wao wasome humo, na walimu wa kutosha hakuna. Mtaala wa Accelerated Christian Education, au ACE kwa kifupi, ulitungwa kwa hali hiyo hasa. Donald Howard na mkewe Esther waliuanzisha mwaka 1970 katika jimbo la Texas, na shule ya kwanza ilifunguliwa mjini Garland ikiwa na wanafunzi 45.

Wakati ulikuwa mwafaka. Mwaka 1962 na 1963 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imezuia sala na usomaji wa Biblia unaoendeshwa na shule za serikali, na makanisa mengi yakaamua kujifungulia shule zake. Katika majimbo ya kusini kulikuwa na sababu nyingine isiyofaa kufichwa: baadhi ya wazazi weupe walikimbia shule za serikali kwa kutotaka watoto wao wachangamane na watoto weusi. Mtaala ulikua juu ya mawimbi hayo mawili, kisha wamisionari na makanisa wakaupeleka nje. Leo unatumika katika mabara mengi, kwenye shule na nyumbani pia.

Kinachouzwa ni kijitabu kiitwacho PACE. Kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka mmoja wa masomo, navyo vimepewa namba mfululizo: 1001 hadi 1012 ni ngazi ya kwanza, 1013 hadi 1024 ya pili, na kuendelea mpaka 1144 mwisho wa ngazi ya 12. Mwanafunzi husoma maelezo, hujibu maswali humohumo ndani, na hasubiri darasa zima limalize ndipo asonge. Hukaa kwenye meza yenye mbao pande mbili zinazomkinga asione wenzake; meza hiyo huitwa ofisi. Akikwama husimamisha kibendera. Kimoja humwita msimamizi, anayeeleza somo; kingine humwita msaidizi, anayetoa ruhusa na kushughulikia mambo madogo.

Mzigo wa siku unapangwa kwa hesabu nyepesi. Mwaka wa wiki 36 ukigawanywa kwa vijitabu 12 unatoa wiki tatu kwa kila kijitabu, yaani siku 15 za shule. Toa siku mbili za jaribio na mtihani, zinabaki 13. Kijitabu cha kurasa 40 hivi kinahitaji kurasa tatu kwa siku, na kwa masomo sita ni kurasa 18. Mtoto mwenyewe huandika kurasa hizo kwenye kadi ya malengo kabla ya kwenda nyumbani, na kesho yake huzifuta moja moja anapozimaliza. Hili ni jambo zuri kuliko yote katika mfumo huu. Mtoto wa miaka tisa anayejua kupanga siku yake na kuimaliza amepata kitu ambacho wengi hukikosa hadi chuo kikuu.

Lakini kabla ya kijitabu cha kwanza kuna mtihani wa kupima kiwango, na shule zinazojaza nafasi haraka hapa ndipo zinapoharibu. Mtihani unatakiwa kufanywa kwa kila somo la msingi peke yake, kwa sababu mtoto anaweza kuwa ngazi ya tano katika kusoma na ya tatu katika hesabu. Tuseme amefaulu hesabu hadi mwisho wa ngazi ya nne, ila ameanguka sehemu zinazofundishwa na vijitabu 1039 na 1042. Anapewa hivyo viwili tu, mapengo yanazibwa, halafu anaingia 1049, mwanzo wa ngazi ya tano. Shule isiyopima humweka kila mtoto kulingana na umri. Miezi mitatu baadaye mtoto yuleyule anasimamisha kibendera kila dakika tano, msimamizi anachoka, na mzazi anaambiwa mtoto ni mvivu.

Sasa njoo kwenye meza ya kusahihishia, maana ubora wote wa shule ya ACE uko hapo. Vitabu vya majibu vimewekwa kwenye meza iliyo mbali na ofisi. Mwanafunzi anaomba ruhusa, anaacha penseli yake nyuma, anakwenda na kijitabu, na huko anatumia kalamu nyekundu pekee. Jibu lililokosewa analitia alama ya X. Anarudi ofisini, anafuta, anatafuta jibu sahihi katika maelezo, kisha anakwenda tena kusahihisha. Likiwa sawa anaizungushia X ile duara. Mwisho wa kijitabu kuna jaribio la kujipima. Akilipita, kijitabu kinachukuliwa na msimamizi, na kesho yake asubuhi anafanya mtihani bila kitabu. Alama ya kufaulu ni 80 kwa mia, isipokuwa somo la tahajia ambalo hudai 90. Akishindwa, anarudia kijitabu.

Mlolongo huo unafanya kazi vizuri sana pale mtu mzima anapoulinda. Usipolindwa, mtoto hujifunza haraka kusoma jibu mezani, kulibeba kichwani hatua kumi na kuliandika. Dalili zake ni wazi: kurasa nzima hazina X hata moja, jaribio la kujipima lina 98, na mtihani wa asubuhi una 62. Msimamizi mwangalifu huchukua kurasa mbili au tatu kwa siku kutoka kwa kila mwanafunzi na kuzilinganisha mwenyewe na kitabu cha majibu. Msimamizi mwenye watoto 30 na msaidizi mmoja ataweza. Mwenye watoto 50 na hana msaidizi hataweza, hata awe na moyo wa namna gani, na hapo ukuaji wa shule unageuka kuwa adui yake. Ukumbi ulioanza na ishirini ukafika hamsini unaonekana kufanikiwa, kumbe meza ya kusahihishia imeshakuwa mahali pa kunakili.

Kwa upande wa gharama, vitabu vya majibu hudumu miaka, ila vijitabu hutumika mara moja. Masomo sita ni vijitabu 72 kwa mtoto kwa mwaka, kabla ya kuhesabu vya kurudia. Shule isiyoagiza mapema hujikuta mtoto amemaliza 1053 na 1054 haipo, na anakaa wiki mbili bila hesabu. Agizo linapaswa kutoka angalau robo muhula kabla, likiwa na akiba ya vijitabu vya ngazi za katikati, ambavyo hurudiwa zaidi.

Udhaifu wa maudhui ni mkubwa kuliko wa utaratibu. Maswali mengi ni ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi, na mtoto mjanja hupata neno linalotakiwa bila kuelewa aya nzima. Insha ndefu ni chache, mjadala haupo kwa kuwa kila mtu yuko ngazi yake, na sayansi ya sekondari inahitaji maabara ambayo kijitabu hakiwezi kuileta. Sayansi yenyewe inafundisha kwamba dunia ni changa na kupinga mageuko ya viumbe. Mzazi ajue hilo kabla ya kulipa, hasa kama mtoto atafanya mtihani wa taifa wa biolojia. Historia na vipimo katika toleo la Marekani ni vya Marekani. Katuni za zamani ziliwaweka watoto weupe na weusi katika shule tofauti, jambo ambalo shule makini huliongelea waziwazi na wanafunzi wake.

Ukumbi huo ukijaa, shule iliyokomaa huchanganya: ACE kwa kusoma, tahajia na hesabu za chini, na walimu wa kawaida kwa sayansi, uandishi na lugha ya nyumbani. Mchanganyiko huo ndio tunaoupendekeza. Kuanzia ngazi ya tisa, uliza kwa maandishi mamlaka ya elimu ya nchi yako na chuo unachokilenga kama cheti kinatambuliwa, kwa maana nchi hazifanani katika hili na neno la mwalimu mkuu halitoshi.

Ukitembelea shule, omba kuona vijitabu vitatu vilivyokwisha kutumika, vya watoto tofauti. Tafuta X zilizozungushiwa duara. Kijitabu chenye wino mwekundu wa kutosha na mtihani wa 88 kimetoka kwa mtoto anayesoma. Kikiwa safi kupita kiasi, omba kuonyeshwa mtihani wake.