Ofisi ya diwani wa kata yetu: mapokezi mazuri, swali baya

Nimekwenda mara tatu katika ofisi ya diwani wa kata yetu, mojawapo ya kata zinazopitiwa na Mto Mirongo hapa jijini Mwanza, kuhusu mtaro ulioziba hadi maji ya mvua yakaingia ndani na kulowesha magunia mawili ya dagaa niliyoyanunua Mwaloni, Kirumba. Kata yenyewe siitaji, kwa sababu ninayoyasema si ya mtu mmoja.

Ofisi ni safi, hufunguliwa kwa wakati, na benchi la wageni liko kivulini. Kijana wa mapokezi aliniamkia vizuri, akafungua daftari, akanipa kalamu, na kabla sijaandika jina akauliza, "Mzee wangu, wewe ni mwenzetu?" Nikamjibu kwamba mimi ni jirani wa mtaro. Alicheka kwa adabu, lakini safu ya mwisho ya daftari lile ilikuwa na kichwa "Kadi", yaani ya chama, na kwenye mstari wangu ikabaki tupu.

Tangu hapo kila siku ya kusubiri niliihesabu kuwa adhabu, ilhali aliyempigia kura mshindi husubiri siku hizo hizo kwa moyo mweupe. Mwaka 2010 majimbo ya Nyamagana na Ilemela yalichukuliwa na CHADEMA, na mwaka 2015 yote mawili yakarudi CCM, kwa hiyo wengi wetu hapa mjini tumeonja kushinda na kushindwa. Nami nakiri kwamba nilipokuwa upande wa walioshinda sikuwahi kuuliza daftari lina safu ngapi.

Kijana yule simlaumu sana. Mgombea binafsi haruhusiwi nchini, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linakiuka haki, na kwa Ibara ya 71 ya Katiba mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama chake hupoteza na kiti. Mwakilishi ambaye riziki yake imeshikwa na chama atatazama kwanza kwenye chama, ndipo atutazame sisi wa mtaroni.

Mafundi walifika siku ya 19, wakazibua nusu ya mtaro na kuliacha tope ukingoni, ambako mvua ya kwanza ililirudisha lilikotoka. Natoa nyota tatu kati ya tano, mbili zikiwa za benchi na salamu. Jumatatu nitarudi na picha ya tope, na ile safu nitaijaza mwenyewe: mkazi.