Uzoefu wangu na kidude cha kusoma na kuprogramu sensa za upepo wa tairi, hapa Unguja

Assalaam alaykum wadau. Kila siku naulizwa kama hichi kidude cha sensa za tairi kina faida au ni kutupa pesa baharini, sasa bora niandike mara moja maana nikimjibu mmoja mmoja sitofanya kazi. Mie fundi wa mipira, nipo njia ya Fuoni, kazi yangu kubadilisha tairi, pancha, balansi, na kwa muda sasa nimeongeza na hii ya sensa, yaani kile kipimo kinachokaa ndani ya tairi kikaiambia gari upepo uliomo. Jina la kampuni silitaji, hakuna alienilipa, na vidude vya daraja hili vyote vinafanana kazi, kama simu nene ya zamani hivi, kichwani mna antena na kuna waya wa kuchomeka kwenye OBD, ile soketi ya kuzungumza na kompyuta ya gari. Bei ukiagiza Dubai au China ni kama dola 150 kwa vya chini mpaka 500 na zaidi kwa vikubwa, bado hujaweka usafiri na mambo ya bandarini.

Kabla ya yote, gari yako ina sensa? Maana wapo watu wananiletea IST wananiambia fundi nipimie sensa. Yakhe sensa gani? Gari nyingi tunazopanda hapa zimetumika Japani, na Japani hawakulazimisha hizi sensa kama walivolazimisha wenzao, kwa hiyo Vitz, Raum, Probox, Noah hizi za kawaida, ukikipitisha kidude kwenye gurudumu utasubiri mpaka iadhiniwe laasiri hakijasema kitu. Walioanza kulazimisha ni Marekani, baada ya ule mkasa wa Ford Explorer na tairi za Firestone kupasuka watu wakafa, wakapitisha sheria mwaka 2000 na ilipofika modeli za 2008 gari zote ndogo mpya lazima ziwe na mfumo wa kuangalia upepo. Ulaya wakafuata, gari ndogo zote mpya zinazouzwa kuanzia Novemba 2014 lazima. Kwa hiyo kwa hapa kwetu utazikuta kwenye Discovery, Range, BMW zilizotoka Uingereza, Lexus, na Toyota chache za bei kubwa. Na hata hapo usikimbilie, kwa sababu zipo gari zina taa ya upepo kwenye dashibodi lakini ndani ya tairi hamna kitu, zinahesabu mzunguko wa magurudumu kupitia ABS ya breki, tairi ikipungua upepo inazunguka haraka kuliko wenzake gari inajua. Golf za karibuni ndo hizo. Hizo unajaza upepo sawasawa unaingia kwenye menyu unaiambia ianze kuhesabu upya basi, fundi akikwambia anakuprogramia sensa kwenye gari ya aina hiyo anakula pesa yako.

Inavofanya kazi sasa. Sensa imekaa ndani ya tairi kwenye mguu wa vavu, ina kibetri chake, na haitangazi muda wote maana betri ingekwisha upesi, gari ikisimama nyingi zinalala. Hichi kidude kinaiamsha kwa mawimbi ya kilohezi 125. Unakiegemeza ubavuni mwa mpira karibu na vavu, usikiweke juu ya chuma cha ringi, unabonyeza, sekunde chache kinatikisika na kulia, kisha skrini inakuonesha namba ya sensa (kila moja ina yake, ndo gari inayoitambulia), upepo, joto la ndani ya tairi na betri kama nzima au imechoka. Unaanza mbele kushoto, unazunguka gari yote, unamalizia spea kama nayo inayo.

Hiyo spea ndo iliyonifanya nikipende hichi kidude wallahi. Alikuja mzee mmoja na Discovery kutoka upande wa Matemwe, taa inawaka, keshazunguka kwa mafundi, kila mmoja anamjazia upepo anamwambia tayari mzee, akifika Mahonda taa ile pale. Nikasoma magurudumu manne yote safi, betri nzima, upepo sawa. Nikamuuliza mzee spea iko wapi, akanambia mwanangu hiyo ipo chini huko haijaguswa tangu gari ishuke bandarini. Nikaingia uvunguni nikaisoma hapo hapo inaponing'inia, psi 14! Tukaishusha, imejaa tope na mchanga, tukaisafisha tukaijaza, akazunguka kidogo taa ikazima mwenyewe anacheka. Hakuna kilichoprogramiwa hapo wala kilichouzwa, ni kusoma tu.

Na hapa ndo nataka wafundi wenzangu wanisikilize. Faida kubwa ya hichi kidude mie naiona kwenye kusoma KABLA hujagusa tairi, kuprogramu kunakuja baadae. Tulikuwa tukifungua tairi, tukifunga, mteja anawasha gari taa inawaka, hapo hapo kesi, "kabla sijaja kwako taa haikuwepo", na wewe huna cha kujitetea, pengine sensa ilishakufa wiki iliyopita yeye hakuangalia dashibodi. Sasa hivi gari yoyote yenye sensa ikiingia hata jeki sijaweka naizunguka, napiga picha skrini, namrushia mteja kwenye whatsapp, kisha ndo tunazungumza bei. Mteja mmoja wa Lexus alikuja juu kweli kweli kuwa nimemvunjia sensa ya nyuma kulia, nikamwambia kaka fungua simu yako, angalia picha niliokutumia kabla sijafungua hata nati moja, nyuma kulia haikusoma kabisa. Akanyamaza, akanunua sensa. Na taa yenyewe inasema ukiijua, ikiwaka moja kwa moja maana yake upepo mdogo, ikianza kupepesa kama dakika moja hivi ukiwasha gari halafu ndo ikatulia ikabaki inawaka, basi mfumo una hitilafu, mara nyingi sensa imekufa au gari haiijui.

Kuvunja kwenyewe kunatokea, sikatai. Mafundi wa pancha barabarani wanaingiza mtaimbo pale pale penye vavu, sensa inasagika. Ukimpelekea gari ya namna hii mwambie aanze mbali na vavu. Na ile dawa ya kuziba pancha ya kumiminwa ndani ya tairi, zipo zinazoziba kile kitundu cha sensa cha kupimia upepo, halafu mtu anashangaa inasoma uongo.

Lakini adui mkubwa kwa hapa kwetu ni chumvi. Gari za hoteli za Paje, Jambiani, Bwejuu, zinalala mita chache kutoka maji. Sensa nyingi vavu yake ni ya alumini, na ule mchuma mdogo wa ndani ya vavu unaozuia upepo unatakiwa uwe umepakwa nikeli. Fundi akiubadilisha akaweka wa shaba wa kawaida, shaba na alumini kwenye chumvi vinalana, ukija kufungua unakuta unga mweupe umejaa kwenye nyuzi, unazungusha taratibu, haufunguki, unazungusha tena unasikia tak, vavu imebaki mkononi. Na vifuniko vya chuma vya urembo hivyo wanavyouza Darajani navyo vivo hivo vinagandia, wekeni vya plastiki jamani. Kwa baadhi ya sensa unaweza kubadilisha vavu peke yake sensa ukaibakisha, kwa hiyo ukiambiwa lazima ununue mpya uliza kwanza.

Kitu nilichojifunza kwa kuangalia skrini tu ni joto. Gari iliyopaki jua la saa nane upande mmoja, nimesoma tairi za upande wa jua digrii 47 na za kivulini 33, na upepo umepishana psi 2 na kitu, wakati asubuhi zote zilikuwa sawa. Mtu akipima upepo mchana ule atapunguza za upande wa jua, usiku ukiingia zimepungua. Pimeni asubuhi gari haijatembea, na namba mfate ile ya kwenye kibandiko cha mlango, sio ile iliyoandikwa kwenye tairi, ile ni ya mwisho wake.

Haya kuprogramu. Betri ya sensa haibadilishiki, imemiminiwa gundi humo ndani, miaka 5 mpaka 10 ndo umri wake, na gari zinakuja hapa zikiwa zishatumika miaka mingi kwa hiyo nyingi zinatufia mikononi. Unanunua sensa tupu, unachagua kwenye skrini gari, mwaka, na inatoka soko gani, unaisogeza sensa mbele ya antena, kinaiandika, hakifiki dakika. Nnavopenda mie ni kunakili, kama ya zamani bado inasoma lakini betri imechoka nachukua namba yake naipa mpya, gari haijui hata kama imebadilishiwa. Ikiwa imekufa kabisa, kwa gari nyingi unachomeka waya kwenye OBD chini ya usukani unazisoma namba zilizomo kwenye kompyuta ya gari. Lexus na Toyota nyingi ukiweka namba mpya lazima uziandike kwa waya huo, kuendesha peke yake hakutoshi, wakati Discovery ukishafunga ukaendesha inazijua wenyewe. Ukiwa unaandika, zile ringi nyengine zenye sensa ziweke mbali, zikirundikwa pamoja kidude kinaweza kumsikia jirani kikachukua namba sio.

Ila cha kuangalia zaidi ya vyote ni frikwensi, yaani mawimbi ambayo sensa inarushia habari zake kwa gari. Gari za Ulaya ni megahezi 433, za Marekani na za Japani nyingi ni 315. Lexus mbili zimepaki pamoja, rangi moja modeli moja, moja imetoka Japani moja Uingereza, sensa zake haziingiliani. Watu wananunua mtandaoni kwa picha, "si imeandikwa Lexus", inafika, inafungwa, tairi inabalansiwa, gari haioni kitu. Zipo sensa tupu zinazokubali zote mbili, bei imezidi kidogo, mie sasa naagiza hizo tu.

Nisichokipenda. Orodha yake ya gari za soko la Japani ni ndogo, Marekani na Ulaya wamejaza mpaka gari ambazo hapa hutoziona milele, lakini Crown tu nimetafuta mpaka macho yanauma, inabidi ujaribu modeli ya jirani yake na pengine inakubali pengine haikubali. Skrini juani huoni kitu, inabidi niite kijana anishikie kadibodi. Apdeti nazo, changu mwaka wa kwanza bure baadae unalipia, usipolipia kinaendelea kufanya kazi lakini gari mpya hazimo, na faili lenyewe zito, mie nasubiri usiku bando ya chuo. Na kinaandika sensa za kampuni yake tu, ukinunua tupu za kampuni nyengine ambazo ni rahisi hazikubali, hilo waliniudhi maana muuzaji aliniambia inakubali zote.

Kwa mwenye gari moja usinunue, lipia fundi akusomee. Kwa fundi mwenye wateja wa hoteli na Discovery na BMW, nunua, kinarudisha pesa yake. Fundi ambae gari zake zote ni Noah na Probox, hiyo pesa ongeza kwenye mashine ya kutolea tairi.

Yule alieniuliza kutoka Chake kama afungue kazi hii Pemba, ndugu yangu, gari zenye sensa huko bado chache, anza na kile kidogo cha kusoma tu. Sensa ikifa ifungue, ubavuni kwake imechapwa namba na mara nyingi frikwensi pia, nitumie, naandika sensa mpya kwa namba ile ile hapa Unguja naipakia kwenye boti, unaifunga gari inaendelea kama kawaida huna haja ya kidude kikubwa. Ila picha ipige juani na usitikisike, maana namba hizo zina herufi ndani, na 8 na B kwenye picha ya giza havitofautiani, nikikosea moja tu gari haitoiona na tairi utaifungua tena.