Zotero kwa anayeandika disatesheni: nimeitumia miezi nane, haya ndo niliyoyaona

Wanachuo wenzangu, hasa nyie mnaoingia mwaka wa mwisho, hii naandika kwa ajili yenu maana mi ilinitesa. Nasoma sayansi ya chakula, risachi yangu ni sumukuvu (sumu inayotokana na ukungu) kwenye mahindi, na hadi proposo inapita nilikuwa na PDF mia na kitu zimejazana kwenye folda moja, majina yenyewe manamba marefu, zingine zinaitwa main, main (1), main (2), hujui ipi ni ipi mpaka ufungue. Supavaiza akanirudishia chapta ya pili na kalamu nyekundu pembeni: majina tisa nimeyataja ndani ila kwenye orodha ya refarensi hayapo. Siku mbili nzima nikawa natafuta hayo majina tisa, na sampuli zangu zinanisubiri maabara.

Dada mmoja wa masters ndo akaniwekea Zotero kwenye laptopu. Ni programu ya bure kabisa ya kutunza makala unazosoma na kukupangia refarensi, ilitoka mwaka 2006 pale Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, na inafanya kazi Windows, Mac na Linux. Unaiweka hiyo, afu unaweka na kile kidude chake cha kwenye brauza kinaitwa Connector, ukikuta makala unabonyeza mara moja tu, mwandishi, mwaka, jarida, kurasa, vyote vinaingia vyenyewe, na kama PDF ni ya wazi inashuka humohumo. Zile PDF zangu za zamani nilizishika zote nikazivuta nikazimwaga ndani, nyingi zikajitambua zenyewe na kupewa majina ya maana, zilizogoma ni zile za kuskani ambazo ni picha tupu, hizo nilijaza kwa mkono.

Wengi wanaisifia kwa ile orodha ya mwisho inayojipanga yenyewe kwa APA (staili mojawapo ya kuandika refarensi) au staili yoyote chuo chako kinataka, na kweli inajipanga, ukifuta saitesheni, yani pale ulipotaja chanzo, ndani ya Word na kule mwisho inaondoka. Ila kwangu mi faida kubwa iko kwenye kusoma. Toka toleo la 6 la mwaka 2022 unafungua PDF ndani ya Zotero yenyewe, unapiga rangi, unaandika maoni yako pembeni, afu unazitoa hizo alama zote zinakuwa noti moja yenye namba za kurasa. Mi njano ni takwimu, nyekundu ni kitu nina mashaka nacho, na maoni naandika kwa Kiswahili maana ndo nafikiria kwa haraka. Mfano, karibu kila anayeandika sumukuvu huku kwetu anataja mlipuko wa watu kudhurika na sumu hiyo Kenya mwaka 2004, wagonjwa 317, vifo 125, na wengi unakuta kamnukuu aliyemnukuu mwenzie. Nikafuata nyuma mpaka makala za 2005 za watu waliofanya uchunguzi wenyewe kule Makueni na Kitui, nikapiga rangi, nikaweka tegi (lebo ya kutafutia) “mlipuko 2004”, na miezi mitatu baadae naandika nikabonyeza hiyo tegi, sentensi ikaja na ukurasa wake. Zamani hapo ningefungua PDF kumi na tano.

Kingine ni ile alama ya kijiti cha uchawi juu pale, unabandika DOI (namba ya utambulisho ya makala mtandaoni) au ISBN (namba ya kitabu), kitu kinakuja chenyewe. Hii ilimwokoa rafiki yangu wa rumu moja, aliomba roboti ya intaneti imtafutie vyanzo ikampa vitatu vizuri sana, tukabandika DOI zake, viwili havikuleta kitu, tukavitafuta na kwenye Google Scholar, hamna. Sio kila chanzo halali kina DOI, vitabu vyetu vingi havina, lakini DOI umepewa na haifunguki popote ni dalili mbaya. Na makala iliyofutwa na jarida, Zotero inakuwekea onyo jekundu, wanatumia orodha ya Retraction Watch, wanaofuatilia makala zilizofutwa.

Sasa panapohitaji umakini. Bando: Connector inashusha PDF kila ukihifadhi, kwa hiyo kama unatumia data ya simu ingia kwenye setingi zima hiyo, hifadhi taarifa tu, PDF utashusha ukifika kwenye waifai ya maktaba. Nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300, zinaisha haraka, zaidi ya hapo unalipia kwa mwaka. Mi silipii, nimezima usawazishaji wa mafaili, taarifa na noti zinaendelea kwenda mtandaoni bila kikomo, PDF zinabaki kwenye laptopu, na kila Jumapili nafunga programu nakopi folda nzima ya Zotero kwenye flashi.

Afu vyanzo vya nyumbani. Ripoti za serikali na disatesheni za vyuo vyetu mara nyingi unajaza mwenyewe, na hapa ndo nilikosea, niliandika Ofisi ya Taifa ya Takwimu kama mtu, kwenye orodha ikatoka “Takwimu, O. ya T.” Pembeni ya jina kuna kialama kidogo, kibonyeze jina liwe sehemu moja, inakaa sawa. Vichwa vya makala navyo vikague, vingine vinaingia kwa herufi kubwa tupu kutokana na tovuti ulikotoa, unabofya kulia unabadilisha, afu hakikisha Tanzania haijawa tanzania.

Word ikianza kuwa nzito ukifika kurasa themanini huko, zima kusasisha saitesheni kila mara, utasasisha mwisho. Inashirikiana na Word, LibreOffice na Google Docs. Ila ukipeleka kazi steshenari kuprinti peleka PDF, usiwaachie wafungue faili lenyewe wakakuharibia saitesheni.

Kuizoea ilinichukua kama wiki moja. Anza nayo siku unatafuta makala ya kwanza ya proposo, maana mi niliyeanza katikati ilibidi nirudie saitesheni zote za chapta mbili moja moja, usiku tatu. Kama ni asaimenti ya refarensi tano andika tu kwa mkono, haitakuokolea muda wowote.